Picha ya saratani isisomwe kwa jicho moja

Hakuna karatasi inayosubiriwa kwa hofu na jamaa za wagonjwa wa saratani kuliko ile inayoandamana na picha za skani. Mgonjwa amedungwa dawa kwa miezi miwili au mitatu, nywele zimepukutika, mwili umekonda, nao jamaa wameuza walichoweza kuuza. Sasa wanataka kujua jambo moja tu: je, dawa inafanya kazi au haifanyi? Lakini mara nyingi jibu linalotoka katika chumba cha picha si la ndiyo wala la hapana. Karatasi husema kwamba donge lililo katika ini limepungua, yale ya mapafuni yamebaki yalivyokuwa, na lile lililo mfupani limekua.

Jibu la namna hiyo huzaa makosa mawili. Wapo wanaoliona neno "limekua" peke yake, wakaamini kwamba mambo yamekwisha, wakaacha matibabu yaliyokuwa yakiwafaa na kurudi nyumbani kungojea mauti. Wapo pia wanaoliona neno "limepungua" peke yake, wakashangilia, wakaendelea kugharimia dawa ambayo sehemu moja ya ugonjwa imekwisha kuizoea. Wote hao wameisoma picha kwa jicho moja. Maoni yetu ni kwamba majibu ya aina hii yasitolewe kwa neno moja, na kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa donge kwa donge kabla ya dawa kuachwa au kuendelezwa.

Jambo hili haliwahusu watu wachache. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 zaidi ya Wakenya 44,000 walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 29,000 wakafariki kutokana nao. Isitoshe, wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitalini wakati saratani imekwisha kutoka mahali ilipoanzia na kuenea kwingine. Mgonjwa wa namna hiyo hana donge moja, bali madonge kadhaa katika viungo mbalimbali. Yeye ndiye anayekabiliwa na jibu hili lenye sura mbili.

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo ina hekima yake sokoni, lakini katika mambo ya saratani inapotosha. Kukua kwa donge moja si ushahidi kwamba yote yamekua. Wala kupungua kwa moja si ushahidi kwamba yote yameanza kunyauka.

Ili msomaji afahamu chanzo cha utatanishi huu, yafaa aelewe jinsi picha hizo zinavyopimwa. Mwaka wa 1979 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa kupima iwapo uvimbe umeitikia dawa. Mwaka wa 2000 wataalamu wa Ulaya na Amerika walitoa kanuni nyingine, iitwayo RECIST, nayo ikarekebishwa mwaka wa 2009. Kwa kanuni hiyo, daktari huchagua madonge yasiyozidi matano, na yasiyozidi mawili katika kiungo kimoja. Hupima upana wa kila moja kwa milimita, kisha hujumlisha. Jumla ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, husemwa kwamba ugonjwa umeitikia dawa. Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufikia, na ongezeko lenyewe liwe angalau milimita tano, husemwa kwamba ugonjwa unaendelea. Ikiwa kati ya hapo, husemwa kwamba ugonjwa umetulia. Donge jipya la saratani likizuka popote, hilo peke yake latosha kuhesabiwa kuwa ugonjwa unaendelea.

Kanuni hiyo ni nzuri, na imewasaidia watafiti wa nchi mbalimbali kuzungumza lugha moja. Lakini jumla huficha mengi. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke mwenye saratani ya titi iliyoenea. Kabla ya dawa, donge la ini lilikuwa na milimita 60, na mawili ya mapafuni yalikuwa na milimita 20 kila moja. Jumla ni 100. Baada ya dawa, la ini limeshuka hadi 30, moja la mapafuni limebaki 20, na la pili limepanda hadi 30. Jumla sasa ni 80, yaani imepungua kwa asilimia 20 tu. Kwa kanuni, ugonjwa wake "umetulia". Lakini je, umetulia kweli? Donge moja limekatika nusu na jingine limeongezeka kwa nusu! Neno moja limefunika habari mbili zinazopingana, na kila moja ya habari hizo inahitaji uamuzi wake.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba waliotunga kanuni hiyo waliikusudia hasa kupima dawa katika majaribio, ambapo makundi ya wagonjwa hulinganishwa. Hawakuitunga iwe hakimu wa mgonjwa mmoja mmoja aliyeketi mbele ya daktari wake. Anayeitumia kama hakimu anaibebesha mzigo usio wake.

Basi kwa nini madonge ya mtu mmoja, yaliyotokana na ugonjwa mmoja, yatofautiane hivyo? Jibu ni kwamba saratani hufanana na ukoo kuliko inavyofanana na mtu mmoja. Chembe ya kwanza huzaa chembe nyingine, na kila kizazi hupata kasoro mpya katika jeni zake. Baada ya miaka, ukoo huo huwa na matawi mengi yenye tabia mbalimbali. Fikra hiyo ilielezwa mwaka wa 1976 na mwanasayansi wa Marekani, Peter Nowell. Mwaka wa 2012 watafiti wa London, akiwamo Profesa Charles Swanton, waliipa nguvu kwa ushahidi wa jeni. Walichukua vipande kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za saratani ya figo ya mgonjwa yule yule na kuvilinganisha. Takriban theluthi mbili ya kasoro za jeni walizozipata hazikuwamo katika kila kipande. Kwa maneno mengine, kipande kimoja kilichokatwa na kupelekwa maabara hakiwezi kusema kwa niaba ya ugonjwa wote.

Dawa inapoingia mwilini hufanya kazi ya jembe katika shamba lenye magugu ya kila namna. Yenye mizizi mifupi hung'oka mara moja. Yenye mizizi mirefu hubaki, na yakishapata nafasi huenea. Aidha, dawa haifiki kila mahali kwa kiwango kimoja. Ubongo, mathalani, una kinga yake ya kuzuia vitu vilivyomo katika damu visipenye, na dawa nyingi huishia mlangoni. Ndiyo maana donge la ini laweza kuyeyuka ilhali la ubongoni linaendelea kukua.

Saratani ya titi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini, inatupa mfano bora. Baadhi ya wagonjwa wana uvimbe wenye protini nyingi iitwayo HER2, na hao hupewa dawa inayoilenga protini hiyo, kama vile trastuzumab, inayojulikana na wengi kwa jina la Herceptin. Katika uchunguzi uliofanywa Ubelgiji na Uholanzi, uliochapishwa mwaka wa 2016, watafiti waliitia dawa hiyo alama ya mnururisho ili waweze kuona kwa skani inakokwenda mwilini. Wagonjwa wote walikuwa wamepimwa awali na kuambiwa kwamba wana HER2. Lakini karibu nusu yao walikuwa na madonge yaliyoipokea dawa na mengine yasiyoipokea. Mtu akifahamu hivyo, hatashangaa tena picha inaporudi na majibu mawili.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao haupasi kusahauliwa: si kila kinachoonekana kukua ni saratani inayokua. Baadhi ya dawa mpya huamsha kinga ya mwili ili iushambulie ugonjwa. Mara chache, askari wa kinga hujazana ndani ya donge hata likaonekana limevimba, kumbe linaliwa kutoka ndani. Kwa sababu hiyo wataalamu walitoa mwongozo wa ziada mwaka wa 2017, wakishauri kwamba mgonjwa wa tiba hiyo ambaye hali yake ni njema asiachishwe dawa kwa picha moja, bali apigwe nyingine baada ya majuma manne hadi manane. Mfupa unaopona nao waweza kuonyesha alama zenye kung'aa zaidi kwenye skani kuliko zamani, na mtu asiye na ujuzi akadhani ni maradhi mapya.

Hapa kwetu tuna sababu nyingine, nayo ni kifua kikuu. Mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofishwa na dawa za saratani aweza kupatwa na kifua kikuu, nacho kikaonekana kwenye picha kama donge jipya katika pafu au kama tezi iliyovimba. Kumbadilishia mtu huyo dawa za saratani ni kumtibu ugonjwa usiokuwapo na kumwachia ule ulioko. Njia ya kuhakikisha ni kupima makohozi, au kukata kipande kidogo cha donge lenyewe na kukichunguza.

Sasa tuje kwenye swali linalomkosesha usingizi kila mgonjwa: majibu yenye sura mbili yanaashiria nini kuhusu maisha yake? Ukweli ni kwamba yanaashiria hali ya katikati. Kwa jumla, wagonjwa ambao madonge yao yote yamepungua huishi muda mrefu zaidi kuliko wale wenye majibu mchanganyiko. Nao wenye majibu mchanganyiko, hasa katika tiba za kuamsha kinga, wameonekana kuwa na matumaini bora kuliko wale ambao madonge yao yote yamekua. Kwa hiyo karatasi hiyo si hukumu ya kifo, wala si hati ya kupona. Ni onyo kwamba ndani ya mwili kuna sehemu ya ugonjwa inayokaidi dawa, na kwamba sehemu hiyo isipotafutiwa dawa yake ndiyo itakayoamua mwisho wa safari.

Swali lifuatalo ni iwapo donge kaidi laweza kushughulikiwa peke yake huku dawa iliyofaulu kwingine ikiendelea. Jibu hutegemea aina ya saratani. Madaktari wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering jijini New York walijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 106 ambao sehemu chache tu za ugonjwa wao zilikuwa zinakua. Wengine waliendelea na matibabu ya kawaida, na wengine wakaongezewa mionzi mikali iliyolengwa kwenye madonge kaidi pekee. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2024. Kwa wagonjwa wa saratani ya pafu, muda wa wastani kabla ya ugonjwa kuendelea ulipanda kutoka miezi 2.2 hadi 10. Kwa wagonjwa wa saratani ya titi, hapakuwa na manufaa: miezi 4.2 kwa kundi moja na 4.4 kwa jingine. Picha zinazofanana ziliwafikisha wagonjwa katika hatima tofauti. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba uamuzi usitolewe na karatasi. Utolewe na madaktari walioketi pamoja wakaitazama aina ya saratani, mahali lilipo kila donge, na hali ya mgonjwa mwenyewe.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba hayo ni mambo ya mataifa tajiri. Watauliza: katika nchi ambayo mgonjwa wa kaunti ya mbali husafiri usiku kucha kutafuta mashine, ambayo foleni ya mionzi ni ndefu na daktari mmoja ana umati mlangoni, nani atapata nafasi ya kueleza donge kwa donge? Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Lakini tunaamini kwamba umaskini wetu ndio unaotulazimisha kuwa waangalifu zaidi. Tajiri akitumia dawa isiyofaa kwa miezi mitatu, amepoteza fedha na muda. Maskini akifanya hivyo, amepoteza shamba, karo ya watoto na nafasi yake ya mwisho. Vivyo hivyo, anayeachishwa dawa iliyokuwa ikimfaa kwa sababu ya sentensi moja iliyosomwa vibaya, hana tena uwezo wa kuirudia.

Serikali haiwezi kusema kwamba haijui umuhimu wa mashine za picha. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu uliotiwa saini mwaka wa 2015 ulipeleka vifaa hivyo katika hospitali za kaunti zote 47. Hata hivyo, kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilieleza mwaka wa 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimelala bila kutumiwa. Mashine bila msomaji ni sawa na kitabu mikononi mwa asiyejua kusoma. Tunachohitaji sasa ni wataalamu wa kuzisoma picha hizo kwa makini na kuzilinganisha na za awali, na njia ya kuwafikisha wataalamu hao, hata kwa mitambo ya mawasiliano, kwa mgonjwa aliye mbali na Nairobi au Eldoret.

Ndipo tunapotoa mapendekezo yetu. Kwanza, wanaoandika ripoti za skani waorodheshe kila donge, ukubwa wake wa sasa na wa zamani, na viungo ambamo mabadiliko yametokea. Maneno ya jumla kama vile "ugonjwa umeenea" hayamsaidii daktari wala mgonjwa. Pili, hospitali zote zinazotibu saratani ziwe na kikao cha kila juma ambapo daktari wa saratani, mtaalamu wa picha, mpasuaji na mtaalamu wa mionzi wanazungumzia majibu yenye utata kwa pamoja. Kikao hicho hakihitaji jengo jipya wala mashine mpya. Kinahitaji meza, viti na nia njema.

Tatu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, izingatie jinsi ugonjwa huu unavyotibiwa kwa kweli. Mamlaka hiyo ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kiwango cha matibabu ya saratani kiliwekwa kuwa Sh550,000 kwa jamaa moja kwa mwaka. Mgonjwa wa saratani iliyoenea hupigwa skani si mara moja bali mara kadhaa, na majibu yakiwa na utata huhitaji nyingine ya kuthibitisha na pengine kukatwa kipande kingine cha kupimwa. Gharama za uchunguzi huo zikitolewa katika fungu lile lile la dawa, mgonjwa atalazimika kuchagua kati ya kujua na kutibiwa. Hakuna binadamu anayestahili kuwekwa katika njia panda hiyo. Tunaiomba SHA itenge fungu la uchunguzi peke yake. Kipimo kimoja kinachozuia miezi mitatu ya dawa isiyofaa kitaiokolea Mamlaka yenyewe fedha nyingi.

Mwisho, tuna neno kwa wagonjwa na jamaa zao. Wasiifungue bahasha na kuifasiri wenyewe wakiwa katika matatu, wala wasimwachie jirani mwenye simu kazi hiyo. Wazihifadhi picha zote za awali, kwa kuwa picha mpya isiyo na ya zamani ya kulinganisha nayo ni nusu ya habari. Inapowezekana, skani ifanywe mahali pale pale, maana mashine tofauti na macho tofauti huweza kuleta tofauti ya milimita ambazo si ugonjwa. Na wakifika mbele ya daktari wasione haya kuuliza: Ni donge gani limepungua na ni lipi limekua? Je, tuna hakika kwamba lililokua ni saratani? Na laweza kushughulikiwa bila kuiacha dawa inayofaa kwingine?

Daktari naye aulizwapo asikasirike. Mwenye mwili ana haki ya kujua yanayotendeka ndani yake. Wapo madaktari wanaoficha habari mbaya kwa huruma, na wapo jamaa wanaowaomba wafanye hivyo. Nia yao ni njema, lakini mgonjwa aliyefichwa hawezi kuamua jinsi ya kutumia siku zake, ziwe chache au nyingi. Na yule aliyeambiwa mabaya pekee hawezi kupata nguvu ya kuendelea pale ambapo kuendelea kuna maana.

Mgonjwa wa saratani hudai ukweli kamili, hata kama una pande mbili. Hospitali zetu zimpe ukweli huo, nayo serikali igharimie njia za kuupata.